Kibenga: Kifaa cha Kumrudisha Mvuvi Ufukweni

Jua la Bujumbura huzama katika nchi nyingine. Kila jioni, ipatapo saa kumi na mbili, hushuka nyuma ya milima ya Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na kwa dakika chache maji yote yaliyo kati ya Bujumbura na Uvira hugeuka rangi ya shaba. Kisha giza huingia upesi, kama liingiavyo katika nchi zote zilizo karibu na Ikweta. Katika mtaa wa Kibenga, ulioko kusini mwa mji, jirani ya Kinindo na upande wa barabara iendayo Rumonge, huo ndio wakati ambapo watu wa aina mbili hupishana. Watumishi wa ofisi na wafanya biashara hurudi nyumbani kwao. Wavuvi wa fukwe za kusini hutoka kwenda kazini.

Kazi yao ni mawindo, ingawa hayafanywi kwa mbwa wala kwa mkuki. Mawindo yao ni dagaa, ambao Burundi huitwa ndagala, na mukeke, samaki ambaye wenyeji wa Kigoma humwita mgebuka. Usiku usio na mwezi ndio wenye neema. Taa huwashwa juu ya maji, dagaa huifuata nuru, mukeke huwafuata dagaa, na nyavu huwangoja wote wawili. Mtu asimamaye ufukweni saa tatu za usiku huona mstari wa taa hizo mbali ziwani, akadhani ni mji mwingine uliojengwa juu ya maji.

Lakini kila taa ni watu, na kila mmoja wao ana nyumba ambamo mlango haufungwi kwa komeo mpaka arudi. Swali la makala hii ni dogo kwa sura na kubwa kwa uzito: mvuvi huyo ajuaje njia ya kurudi, na ikiwa ameweka akiba ya kununua kifaa cha kumwonyesha mahali alipo, kile kiitwacho GPS, achague kipi?

ALAMA ZA ZAMANI

Wazee wa ziwa hawakuhitaji kifaa. Mchana, mvuvi wa kaskazini mwa Tanganyika ana milima pande zote mbili: mashariki vilima vya Burundi vinavyopanda mpaka kwenye mgongo wa nchi utenganishao maji ya Kongo na ya Nile, na magharibi milima mirefu iliyo juu ya Uvira. Akilinganisha kilele kimoja na mti fulani wa ufukweni, na kilele kingine na paa fulani, hupata mistari miwili, na mahali mistari hiyo inapokutana ndipo alipo. Hiyo ni elimu kamili ya upimaji, ijapokuwa haikuandikwa darasani. Usiku alama huwa ni nyota, upepo, na taa za miji.

Elimu hiyo ingali na thamani, lakini imepata maadui watatu. Wa kwanza ni mawingu. Katika miezi ya mvua dhoruba hushuka ghafula kutoka milimani, na nyota na vilele hufutika kwa pamoja. Wa pili ni umeme: mtaa ukikatikiwa na umeme, taa ambayo mvuvi aliitegemea haionekani tena, na taa nyingine iliyo mbali yaweza kumdanganya. Adui wa tatu ndiye wa ajabu zaidi, nao ni ufukwe wenyewe, kwa maana ufukwe wa Kibenga umehama.

Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, Mto Lukuga, huko Kalemie nchini Kongo. Mvua zikizidi kwa miaka kadhaa mfululizo, maji huingia kwa wingi kuliko yanavyotoka, na ziwa hupanda. Ndivyo ilivyotukia katika miaka ya 1960, na kiwango cha mwaka 1964 kilibaki katika kumbukumbu za Bujumbura kwa vizazi viwili. Ndivyo ilivyotukia tena kuanzia mwaka 2020. Katika miaka ya 2020, 2021 na 2024 maji yaliingia katika nyumba za kando ya ziwa, Kibenga ikiwa miongoni mwa mitaa iliyoathirika sana, pamoja na Gatumba na Kajaga. Familia zilihama. Kuta, mageti na miti iliyokuwa nchi kavu ilisimama ndani ya maji. Kwa mvuvi, huo ulikuwa ni msiba wa aina mbili: alama alizozizoea zilitoweka, na mahali pake palizuka kuta zilizojificha chini ya maji, zinazongoja kutoboa ubao wa mtumbwi.

WAGENI WALIOPITA

Si wavuvi peke yao waliowahi kutaabika juu ya swali la mahali katika ufukwe huu. Kusini kidogo ya Kibenga, katika barabara hiyo hiyo ya Rumonge, kiko kilima cha Mugere, na juu yake liko jiwe kubwa lililochongwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871. Wako wasemao kwamba hapo ndipo walipokutana kwa mara ya kwanza, lakini walikutana Ujiji. Mugere walilala tu, nyakati mbili za usiku, wakiwa safarini kuelekea kaskazini mwa ziwa kwa mtumbwi wa makasia.

Safari yao ilikuwa na shabaha moja: kujua kama Mto Rusizi unatoka katika ziwa au unaingia. Kama ungetoka, huenda ungekuwa ni chanzo cha Nile. Walikuwa na vyombo vya kupimia jua na nyota, saa na dira; vyombo hivyo viliweza kuwaambia wako wapi, lakini si mto unakwenda wapi. Ilibidi wafike mdomoni mwa Rusizi na kuyatazama maji kwa macho yao, ndipo wakakubali kwamba mto unaingia ziwani. Wenyeji walikwisha kulisema neno hilo tangu mwaka 1858, Burton na Speke walipofika Uvira. Basi fundisho la kwanza la vyombo vya kuonyesha mahali lipo kilomita chache kutoka Kibenga: chombo humwambia mtu mahali aliposimama, na mengine yote hana budi kuwauliza wenyeji.

NYOTA ZILIZOTENGENEZWA

Kifaa cha GPS kinafanya kazi ile ile iliyofanywa na vilele vya milima na paa za nyumba, ila alama zake ziko angani. Ni setilaiti zinazoizunguka dunia kwa urefu wa kilomita 20,200 hivi. Mpango huo unahitaji setilaiti zisizopungua 24 ili kuitosheleza dunia nzima, na kwa miaka mingi sasa zimekuwa zikizidi 30. Kila setilaiti ina saa za atomiki, na muda wote hutangaza mambo mawili: wakati ulivyo, na mahali yenyewe ilipo. Kifaa kilicho mkononi hupokea tangazo hilo na kupima limechelewa kwa kiasi gani. Kwa kuwa mawimbi ya redio husafiri kwa kasi ya mwanga, kuchelewa huko hakufiki hata sehemu ya kumi ya sekunde. Lakini kutokana nako kifaa hukokotoa umbali wa setilaiti. Setilaiti nne zikisikika, hupatikana mahali pamoja na urefu kutoka usawa wa bahari.

Usahihi wa saa ndiyo siri yote. Kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde huzaa kosa la mita 300. Na hapo kuna jambo la kustaajabisha: saa zilizo huko juu huenda mbele kuliko za ardhini kwa sehemu 38 za milioni ya sekunde kila siku, kama elimu ya Einstein ilivyotabiri, na wahandisi hawana budi kuzisahihisha. Lau wasingefanya hivyo, mvuvi wa Kibenga angejikuta, kwa hesabu ya kifaa chake, juu ya milima ya Kongo baada ya siku chache tu.

Setilaiti ya kwanza ya mpango huu ilirushwa na Marekani mwaka 1978, kwa ajili ya majeshi yake. Mwaka 1989 kilianza kuuzwa kifaa cha kwanza cha mkononi kwa raia, Magellan NAV 1000, kwa bei ya dola 3,000 hivi. Mwaka 1995 mpango ulitangazwa kuwa umekamilika. Hata hivyo raia walipewa vipimo vilivyoharibiwa kwa makusudi, vyenye kosa la kufikia mita 100, mpaka mwezi Mei mwaka 2000 serikali ya Marekani ilipoondoa kizuizi hicho. Tangu siku hiyo kifaa cha kawaida, mahali pa wazi, hukosea mita tatu hadi kumi tu. Urusi ina mpango wake, uitwao GLONASS. Ulaya una Galileo. Na China ina BeiDou. Vifaa vingi vya siku hizi husikiliza mipango miwili au zaidi kwa pamoja, na mnunuzi akipewa nafasi ya kuchagua yafaa achukue cha namna hiyo.

Ziwa lina neema moja ambayo msitu hauna. Mwindaji aingiapo katika msitu mnene au katika korongo jembamba huzibiwa sehemu ya mbingu na miti au majabali, na kifaa chake husitasita. Mvuvi aliye katikati ya Tanganyika ana mbingu nzima juu ya kichwa chake. Kwa hiyo hana haja ya kulipa fedha nyingi kwa ajili ya antena kubwa. Fedha hizo atazihitaji kwa mambo mengine.

MSTARI USIOONEKANA

Katika Tanzania, mwindaji mwenye leseni hupewa kitalu chake. Mpaka wa kitalu ni mstari wa ramani, hauna ukuta. Mtu akimfuata nyati aliyejeruhiwa akavuka mstari huo bila kujua, huwa ametoka katika uwindaji halali. Kwa sababu hiyo kifaa cha kuonyesha mahali kimekuwa sehemu ya zana za mwindaji, sawa na maji na viatu.

Mvuvi wa Kibenga ana mstari wake pia. Ziwa Tanganyika ni mali ya nchi nne: Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia. Upana wa maji kutoka Kibenga mpaka Uvira, ambayo iko karibu magharibi kamili, ni kilomita ishirini na kitu. Mpaka wa Burundi na Kongo unapita katikati. Maana yake ni kwamba mvuvi huufikia baada ya kilomita kumi na moja au kumi na mbili. Ichukuliwe kwamba injini imezimika, na upepo na mkondo vinausukuma mtumbwi kilomita mbili tu kwa saa. Katika usiku wa saa kumi mtumbwi huo utakuwa umekwenda kilomita ishirini. Watu walilala Burundi na wataamkia katika maji ya nchi nyingine, bila kuiona alama yoyote njiani. Askari wa doria hawezi kuyasoma yaliyo moyoni mwao. Husoma mahali walipo.

Iko pia mipaka ya mahali na ya majira. Ndani ya hifadhi ya Rusizi, kaskazini magharibi mwa Bujumbura, wanyama wamehifadhiwa. Vilevile nchi za ziwa zimekubaliana juu ya kupumzisha uvuvi. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga upande wake kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Kifaa hakimpi mtu ruhusa. Humwondolea tu udhuru wa kusema hakujua alipo.

JINSI YA KUCHAGUA

Mtu aingiapo dukani hukutana kwanza na kioo. Vifaa vya kisasa vina kioo cha kuguswa kwa kidole, nacho huvutia macho. Lakini mkono wa mvuvi huwa umelowa, una magamba ya dagaa, na pengine umekufa ganzi kwa baridi ya alfajiri. Matone ya maji juu ya kioo cha kuguswa hufanya kazi ya vidole, na kifaa hufungua mambo ambayo hayakutakiwa. Kwa kazi ya ziwani, vitufe vya kubonyeza ni bora. Mnunuzi na ajaribu kuvibonyeza huku amefumba macho. Akishindwa dukani mchana, atashindwa zaidi usiku wakati wa mawimbi.

Jambo la pili ni maji. Katika maelezo ya kifaa hutafutwa alama IPX7. Maana yake ni kwamba kifaa kimejaribiwa kwa kuzamishwa katika maji ya kina cha mita moja kwa nusu saa bila kuharibika. Alama hiyo haisemi kwamba kifaa kitaelea. Aina chache zimetengenezwa zielee. Nyingi huzama kama jiwe, na kina cha Tanganyika katika sehemu yake ya chini kabisa ni mita 1,470. Asiyeweza kununua kinachoelea na anunue kamba. Kamba hiyo ifungwe katika mtumbwi au katika mwili wa mwenye kazi, kabla ya kusukuma chombo majini.

Jambo la tatu ni betri. Vifaa vingi vya mkononi hutumia betri mbili ndogo za ukubwa wa AA, na hufanya kazi kwa saa 16 hadi 25 kulingana na aina yake. Vingine vina betri ya ndani inayochajiwa kwa umeme. Penye umeme wa uhakika, cha kuchaji ni rahisi kutunza. Penye umeme wa kukatika, betri za dukani zina heri yake: jozi moja ndani, jozi ya pili katika chupa ya plastiki yenye kifuniko, na hakuna usiku utakaoharibika kwa sababu mtaa ulikosa umeme mchana. Betri za bei rahisi mno huchoka kabla ya alfajiri, na hivyo ni ghali.

Jambo la nne ni dira, na hapa wengi hudanganyika. Kifaa cha bei ya chini hakina dira ya sumaku ndani yake. Hujua mwelekeo kwa kulinganisha mahali kilipokuwa na mahali kilipo sasa. Maana yake, mtu akisimama, mshale huzunguka ovyo. Injini ikizimika na mtumbwi ukiyumba mahali pamoja, mshale huo si wa kuaminiwa. Kifaa chenye dira ya sumaku huonyesha kaskazini hata kikiwa kimetulia, ila hakina budi kurekebishwa mara kwa mara, na kisiwekwe karibu na chuma cha injini. Hata hivyo dira ndogo ya kawaida, isiyotumia betri, huifanya kazi hiyo kwa bei ya chini sana, na mwenye busara huwa nayo mfukoni.

Jambo la tano ni ramani. Muuzaji atasifu ramani za rangi. Ramani ya barabara za Bujumbura haimsaidii mtu aliye majini. Kinachohitajika ni uwezo wa kuweka alama mahali penye nyavu, mahali pa hatari na mahali pa kutia nanga, na uwezo wa kuhifadhi nyayo za safari ili mtu arudi kwa njia ile ile aliyojia. Uwezo huo wapatikana katika kifaa rahisi kabisa.

Na simu je? Wengi huuliza, kwa maana simu nyingi za siku hizi zina GPS ndani yake, tena huonyesha mahali hata pasipo mtandao, mradi ramani imehifadhiwa mapema. Jibu la haki ni kwamba simu ni msaidizi mwema na bwana mbaya. Betri yake huisha kwa kuwashwa kioo, maji huiharibu upesi, na simu hiyo hiyo ndiyo ya kuitia msaada. Mtu anayeitumia kutafutia njia usiku kucha atafika saa ya hatari akiwa hana njia wala sauti.

Anayenunua kifaa kilichotumika na akiwashe nje ya duka, mahali pa wazi. Kifaa kilichokaa kabatini muda mrefu, au kilicholetwa kutoka nchi ya mbali, huweza kuchukua dakika kumi na zaidi kabla ya kupata setilaiti zake, kwa kuwa kinajifunza upya mbingu iliyo juu yake. Asikikatae kwa haraka hiyo, wala asikikubali kabla hakijafika mwisho.

HERUFI MOJA

Kifaa kizuri kilichowekwa vibaya ni hatari kuliko kutokuwa nacho. Mtaa wa Kibenga uko karibu na latitudo ya digrii 3 na dakika 25 Kusini. Mtu akiandika N badala ya S, yaani Kaskazini badala ya Kusini, kifaa kitamwongoza kwa utii mpaka kaskazini mashariki mwa Kongo, upande wa Dungu, zaidi ya kilomita 700 kutoka nyumbani kwake. Herufi moja tu.

Kosa la pili ni la nukta. Digrii 3 na dakika 25 si sawa na 3.25, kwa maana digrii moja ina dakika 60, wala si 100. Tofauti ya maandiko hayo mawili ni dakika kumi, nazo ni kilomita 18 na nusu. Wavuvi wawili wanaopeana habari za mahali kwa simu, mmoja akisoma kwa dakika na mwingine kwa nukta, watatafutana mpaka kupambazuke. Yafaa watu wa ufukwe mmoja wakubaliane juu ya namna moja ya kuandika, na wote waifuate.

Kosa la tatu huwapata wenye ramani za karatasi za zamani. Ramani hizo zilichorwa kwa msingi wa vipimo uitwao Arc 1950, na kifaa cha GPS hutumia msingi uitwao WGS 84. Mahali pale pale, misingi hiyo miwili hutofautiana kwa takriban mita 300. Kwa mpaka wa ziwa au wa kitalu, mita 300 zatosha kumtia mtu mashakani. Kifaa kingi huruhusu kubadili msingi. Mwenye ramani ya zamani na alisome kwanza neno lililoandikwa pembeni mwa ramani yake.

Mwisho ni saa. Setilaiti huleta wakati ulio sahihi, lakini mwenye kifaa ndiye huchagua saa za nchi yake. Bujumbura iko nyuma ya Kigoma kwa saa moja. Wawili walioahidiana kukutana saa kumi na moja alfajiri na wakumbuke hilo.

KISICHOJULIKANA NA SETILAITI

Kifaa huonyesha mstari ulionyooka kutoka mtu alipo mpaka anapotaka kwenda. Mwindaji wa nchi kavu akiufuata bila kutazama, utampeleka ukingoni mwa genge. Mvuvi wa Kibenga akiufuata, utampitisha juu ya ukuta wa nyumba iliyozama. Alama aliyoitia mwaka mmoja kabla ya mafuriko bado imo katika kifaa, safi kabisa. Lakini ni alama ya ufukwe usiokuwapo. Kwa hiyo kila maji yanapopanda au kushuka, alama za ufukweni hufutwa zikatiwa upya, mchana, kwa mwendo wa pole. Kumbukumbu ya kifaa haizeeki, na hilo ndilo kosa lake.

Sheria yenyewe imekutana na fumbo hilo. Kanuni ya maji ya Burundi ya mwaka 2012 imetenga ukanda wa mita 150 kutoka Ziwa Tanganyika ambao haupaswi kujengwa. Mtu mwenye kifaa mkononi aweza kuzihesabu mita 150 bila shida. Ila sharti kwanza ajue aanzie wapi, na maji ya Kibenga hayakukaa mahali pamoja.

Wala setilaiti haimwoni kiboko. Viboko wa ziwa hutoka usiku kula majani kando ya nyumba za Kibenga na Kinindo, na saa ya alfajiri, mvuvi anapokaribia ufukwe, ndiyo saa yao ya kurudi majini. Mamba nao wamo. Mwenye jina kuliko wote ni yule aliyeitwa Gustave, aliyeonekana kati ya Rusizi na fukwe za Rumonge, ambaye urefu wake ulikadiriwa kufikia mita sita. Mfaransa Patrice Faye, mkazi wa Bujumbura, ndiye aliyempa jina hilo, akamfuatilia kwa miaka mingi, na filamu ya mwaka 2004 ilionyesha jinsi alivyotegewa mtego mkubwa wa chuma asinaswe. Watu wa kando ya ziwa humhesabia vifo vya mamia, hesabu ambayo haikuthibitishwa. Kisa chake chafundisha wawindaji wote jambo moja: kujua mahali mnyama alipoonekana jana si kujua alipo leo.

KARATASI YA NYUMBANI

Lipo jambo moja ambalo halinunuliwi dukani, nalo lawahusu wale wabakiao nyumbani. Kifaa humwambia mvuvi alipo. Hakimwambii mkewe wala watoto wake. Kifaa cha kawaida hupokea tu, hakitumi habari. Watu wengi hawalijui hilo, na hudhani kwamba aliye na GPS hawezi kupotea machoni pa walimwengu.

Basi kabla ya kutoka, mvuvi na aandike katika karatasi mambo manne: anaelekea upande gani na alama ya namba za mahali penye nyavu zake, amefuatana na nani, atarudi saa ngapi, na nani aitwe ikiwa saa hiyo imepita. Karatasi hiyo ikae mahali pamoja siku zote, penye kuonekana na kila mtu wa nyumbani. Yafaa pia mke, au kijana mkubwa wa nyumba, afundishwe kuzisoma namba hizo, ili azisome kwa simu bila kuzipindua. Kazi hiyo huchukua jioni moja.

Na ikiwa bei ni kubwa kwa mtu mmoja, mitumbwi mitatu au minne iendayo pamoja yaweza kuchanga kununua kifaa kimoja. Kikae katika mtumbwi wa mbele, chini ya mkono wa aliyejifunza kukitumia vizuri. Kifaa kimoja kinachojulikana ni bora kuliko vinne visivyojulikana.

Wahenga walionya: usisafirie nyota ya mwenzio. Nyota zinazosafiriwa siku hizi juu ya Tanganyika ni za wenzao kweli kweli. Zimerushwa na mataifa ya mbali, kwa sababu zao, nao waliwahi kuziharibu vipimo na baadaye wakazitengeneza. Si vibaya kuzitumia. Lakini mvuvi mwenye hekima, anapopita usiku mbele ya Mugere, huinua macho kutoka katika kioo, akatazama kilima kiko upande gani wa mtumbwi, akalinganisha. Vikipatana, huendelea. Visipopatana, husimamisha injini, akasikiliza. Na ng'ambo ya giza, Kibenga, mtu mmoja ameketi karibu na mlango ambao haujafungwa, na karatasi iko juu ya meza.